Shangazi Adai Kichwa Chake

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwake, mchoraji amesimama mbele ya turubai. Shangazi yake amekaa kwenye kigoda, mgongo wazi, shuka kiunoni, shingo ameigeuzia nyuma.

"Usinipunguzie makunyanzi," anaonya. "Nimeyatolea jasho haya."

"Tulia basi, shangazi. Kidevu hicho!"

Kwa miaka kumi na minne mchoraji huyu wa kike alichora mabango ya maduka: wanawake wa kuuzia magodoro, matairi, hata saruji. Anakisia yalipita mia tatu. Fundi aliyemfundisha alikuwa na kanuni moja tu: anza na nyonga, uso utachorwa rangi ikibaki.

"Na rangi ilikuwa haibaki," anasema huku akicheka. "Siku moja nikapita mtaani nikakuta mabango yangu sita. Nyonga sita, macho hakuna hata jozi moja. Niliona haya."

Tangu hapo, kazi za mabango zikipungua, huchora wanawake anaowajua. Anayechorwa ndiye huona picha kwanza, na asiporidhika haitoki nje. Picha kumi na moja zimeshapita, na Jumamosi zinakwenda kwenye maonyesho yake ya kwanza.

Ya kumi na mbili, anayoitegemea kuliko zote, ndiyo iliyomtoa kijasho. Ni mgongo wa shangazi, mkunga mstaafu aliyemlea. Alichora kila mfupa na kila kovu, turubai ikaishia shingoni.

Shangazi aliitazama, akauliza, "Mwanangu, kichwa changu umekipeleka wapi?"

"Nilitamani ardhi inimeze," mchoraji anakiri. "Mgongo ulinipendeza mno, nikasahau una mwenyewe. Mazoea yana tabu."

Shangazi aliizuia picha. Mchoraji hakubisha. Alishonea kipande kingine cha turubai kwa juu, akagongomea fremu ndefu zaidi, na leo anamalizia uso.

Anaweka brashi chini. Shangazi anasogea, anapitisha kidole kando ya mshono.

"Umeshona vizuri. Mimi nimeshona wengi, najua." Anautazama uso. "Huyu ndiye mimi. Na bado amekukasirikia."

"Itoke?"

"Itoke."

Mchoraji anacheka hadi machozi. Anatumaini maonyesho yatamletea wanawake wengine wa kuwachora. Shangazi naye ana mpango wake: Jumamosi atawekewa kiti kando ya picha.

"Anayetaka kuutazama mgongo wangu," anasema, "anisalimie kwanza."