Kleanthis na Ngano ya Mazishi

Siku hizi ukiingia bekari yetu, hapa mtaa wa Harilau unapopakana na mtaa wa Tumba, utamkuta Kleanthis amekaa nyuma kabisa kwenye magunia, anakagua unga usio na haja ya kukaguliwa. Wateja wakimuulizia nawajibu kwamba ana kazi. Uongo mtupu. Anaona haya. Mwanamume aliyejulikana mtaa mzima kwa makelele, leo akisikia mlango unafunguliwa anajikunyata kama mtoto aliyevunja kikombe cha mama yake.

Mimi naitwa Rodanthi, ndimi ninayeuza mkate hapa, na sina timu ninayoshabikia. Katika mji huu wa Thesaloniki mtu asiye na timu huangaliwa kama mgonjwa. Basi na waniangalie. Angalau naweza kusimulia bila kupendelea.

Kleanthis alizaliwa shabiki wa Aris, timu ya njano ya Harilau. Baba yake Aris, babu yake Aris, hata ndege wa kufuga nyumbani kwao walinunuliwa wa njano. Miaka ya ujana wake ndiyo ile nchi nzima iliposhikwa na wazimu wa mpira wa kikapu, kila uchochoro ukafungwa pete ya chuma ukutani. Yeye akitoka kukanda unga alikwenda moja kwa moja kucheza, nywele nyeupe kwa unga kama babu. Huko ndiko alikokutana na Menelaos, fundi bomba wa Tumba, shabiki wa damu wa PAOK, timu ya Tumba, mweusi kwa mweupe. Siku ya kwanza walipigana ngumi. Siku ya pili walikunywa pamoja. Na Menelaos alipomwoa Evanthia, aliyesimama nyuma yao kanisani na kuwabadilishia mataji vichwani alikuwa Kleanthis. Anayefanya hivyo kwetu ni kumbaro, na kumbaro ni ndugu, umpende usimpende.

"Mungu anisamehe," Menelaos alisema mbele ya padri, "mkono wa njano umenigusa kichwa."

"Nyamaza wewe," Evanthia akamjibu, "bila huyo wa njano usingepata hata wa kukushikia koti."

Utani wao ulikuwa wa mazishi. PAOK wakishinda, Menelaos alichapisha tangazo la msiba lenye ukingo mweusi na msalaba, kama haya tunayobandika kwenye nguzo na milango mtu anapofariki, akalibandika kwenye mlango wa bekari: Aris, mpendwa wetu, anazikwa leo. Aris wakishinda, Kleanthis alichemsha ngano ya marehemu, ile tunayokula kanisani siku za kumbukumbu, akaichanganya na komamanga, zabibu na lozi, akaifunika kwa sukari nyeupe. Juu ya sukari alipanga zabibu nyeusi kuchora tai wa PAOK mwenye vichwa viwili, amelala chali, miguu juu. Kisha akalibeba sinia begani hadi Tumba, akiimba kwa sauti ya padri.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Evanthia. Alichukua kijiko, akaonja, akatafuta dosari. "Mwaka huu umetunyima mdalasini, kumbaro. Au ndiyo umaskini wa Aris?"

Mama yake Kleanthis, alipokuwa hai, hakucheka hata siku moja. "Ngano ya marehemu haichezewi, mwanangu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Kleanthis alimbusu kipajini, akaendelea kumenya lozi.

Mwezi wa pili mwaka huu, jioni ya Jumamosi, Aris walikwenda kucheza kwa PAOK na wakashinda dakika za mwisho kabisa. Asubuhi yake Kleanthis aliingia kazini sauti imemkauka, skafu ya njano shingoni, na ngano ikawa jikoni kabla ya mikate. Hatujamaliza kupanga rafu, simu ikalia mfukoni mwa aproni yake. Akaitazama, akacheka.

"Menelaos! Leo sishiki. Anataka kunililia habari za refa."

Ikakatika, ikalia tena.

"Shika bwana," nikamwambia, "labda ana shida."

"Shida yake naijua, imeandikwa kwenye ubao wa matokeo! Mwache aungue kidogo." Ilipolia tena, akaizima.

Adhuhuri ikafika, tukatoka. Yeye na sinia lake begani, mimi nyuma na mikapu miwili ya mikate ya wateja wa Tumba. Kwenye mlango wa jengo analokaa Menelaos palibandikwa tangazo lenye ukingo mweusi. Kleanthis alipoliona aliangua kicheko hadi lozi zikatikisika.

"Umeona ujanja wa mtu huyu? Kaniwahi! Kajizika mwenyewe kabla sijaja kumzika!"

Akalibandua kwa mkono mmoja, akalifinyanga bila kulisoma, akalitupa kwenye ngazi, akaanza kupanda akiimba. Mimi niliinama kuliokota kwa sababu sipendi uchafu. Nikalikunjua. Jina lilikuwa la Evanthia.

"Kleanthis!" nikapiga kelele. "Kleanthis, rudi! Usiingie!"

Yeye alikuwa ghorofa ya juu yangu. "Fanya haraka, usikose kumwona akilia!" akanijibu, akaendelea kuimba. Nikaacha mikapu pale pale nikapanda mbio, lakini magoti yangu si ya msichana.

Mlango wa Menelaos ulikuwa wazi. Kleanthis aliingia kinyumenyume ili sinia lisigonge fremu, akinguruma, "Mungu amlaze pema huyu ndege wako, vichwa vyake vyote viwili! Yuko wapi mfiwa?"

Halafu akageuka.

Nilifika mlangoni naye amesimama katikati ya sebule. Wanawake waliovaa nyeusi walikuwa wamekaa kuzunguka kuta, vikombe vya kahawa na vibilauri vya brandi mikononi. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Menelaos alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, ndevu hazijanyolewa, miguuni ana ndara. Alilitazama lile sinia. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na wala mimi sikuwa nimefanya kitu.

"Nilikupigia," Menelaos akasema taratibu. "Moyo wake ulisimama alfajiri. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Nadhani Kleanthis alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale, pamoja na sinia. Hakuliweka chini, hakumwendea rafiki yake, hakusema pole. Alitoka nalo vile vile, sukari ikimmwagikia kwenye viatu, akakatisha mtaa mzima wa Tumba na skafu yake ya njano. Tulipovuka barabara kuingia Harilau, vijana wa mkahawani wakampigia makofi.

"Hongera ya jana, mzee! Umewapelekea ngano yao?"

Sijawahi kumwona mtu akilia huku anatembea haraka kiasi kile.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Nilifunga duka, nikamletea koti lake jeusi nililolipiga pasi mwenyewe.

"Vaa twende."

"Kwa uso gani, Rodanthi?"

"Huo huo ulio nao. Huna mwingine."

"Wataniona."

"Ndiyo, watakuona. Ndiyo maana ya kwenda."

Alitikisa kichwa, akaenda kukaa nyuma ya tanuri. Nikaenda peke yangu. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimemwonea huruma. Siku hii nilianza kumkasirikia. Mtu anasema anaona haya, kumbe amekaa anajifikiria yeye tu, uso wake, jina lake, watu watamwambia nini. Juma baada ya juma akawa hivyo. Hakupiga simu. Hata kumbukumbu ya siku arobaini ilipofika, aliniuliza ibada ni saa ngapi, akalala na nguo za kwenda kanisani, na hakwenda.

Siku chache baadaye Menelaos mwenyewe akaja. Amekonda, kola ya shati imekuwa pana. Kleanthis alimwona kupitia kioo akakimbilia kwenye magunia. Menelaos hakusimama mbele ya kaunta. Aliizunguka kama mwenye nyumba, mimi nikampisha.

"Toka huko, kumbaro."

Kleanthis akatoka, macho chini, mikono ina unga. "Nisamehe," akasema. "Nisamehe kwa ile ngano. Kila siku naiona. Kila siku."

"Ngano?" Menelaos akashangaa kweli kweli. "Ngano gani? Evanthia angekuwepo angeicheka mwezi mzima. Mimi mwenyewe jioni ile ile nilikaribia kucheka. Nani kakwambia nina kinyongo cha ngano?"

"Sasa..."

"Jeneza linabebwa na watu wanne. Walikuwapo mpwa wangu, kaka wawili wa Evanthia, na bega la nne nilikuwekea wewe. Padri alisubiri. Nikamwambia, ngoja kidogo baba, kumbaro wetu anakuja, yule huchelewa kila mahali. Akasubiri tena. Mwisho akaitwa dereva wa gari la maiti. Mtu hata jina lake silijui. Huyo ndiye aliyemtoa mke wangu kanisani."

Nyuma ya kaunta mimi nilishika mkate nisijue nauweka wapi. Kleanthis aliegemea gunia.

"Sikujua kama ulikuwa unanisubiri," akasema.

"Na ningemsubiri nani mwingine?" Menelaos akamuuliza. Akauchukua ule mkate mkononi mwangu, akaondoka.