Rupia ya Odeta

Kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji na wanunuzi wa sarafu za kale, lenye wanaume zaidi ya mia mbili, wanamwita Mama Bei. Jina lake ni Paskazia, fundi cherehani wa Buswelu. Kila asubuhi kabla hajaigusa cherehani anakuwa ameshapitia kundi hilo, kurasa mbili za Facebook, na mnada mmoja wa Ulaya ambao maneno yake hayaelewi ila tarakimu anazielewa sawasawa. Ukitaka kuuza heleri, ile senti ya Mjerumani, bila kupunjwa, mwulize yeye. Atakwambia usiangalie bei ambayo watu wanaomba, maana kuomba ni bure. Angalia bei ambayo watu wamelipa kweli. Atakwambia udai picha za pande zote mbili, na uzito, na umkimbie mtu anayekuharakisha. Tena usiisugue sarafu kwa majivu na limau ukidhani unaipendezesha. Wenyewe wanaitaka na weusi wake.

Lililowashinda wanakundi ni kwamba kwa miaka mitano Mama Bei hakuwa amenunua hata sarafu moja. Wapo waliosema ni dalali anayevizia. Wengine wakasema ni mtu wa mapato, wakapunguza maneno kwa muda. Maskini, hakuna aliyekaribia ukweli. Paskazia alikuwa anatafuta rupia moja tu, na mara ya mwisho alikuwa ameiona shingoni mwa pacha wake.

Yeye na Odeta walizaliwa ng'ambo ya Busisi, na kwao pacha hapewi kitu peke yake. Akipewa mmoja, na mwingine apewe. Akichapwa mmoja, mwingine naye ataguswa fimbo ili mambo yalingane. Babu yao, mzee Masalu, alikuwa na rupia mbili alizolipwa na Wajerumani kwa kubeba mizigo. Akazitoboa kwa msumari awavishe wajukuu. Ya kwanza ilitoboka vizuri. Kwenye ya pili msumari uliteleza, ukamkwaruza shavuni yule mzungu aliyechorwa kwenye sarafu, mwenye kofia yenye sanamu ya ndege. Babu akazitazama zote mbili, akaichukua ile nzima, akaikwaruza nayo mahali palepale, taratibu, mpaka zikafanana. Mkusanya sarafu yeyote angezimia. Mzee yeye aliona amemaliza kazi vizuri, akazitia uzi.

Mwaka wa tisini Odeta akapendwa na mvuvi wa Kijaluo kutoka Rorya, jina lake Oluoch. Baba akakataa, akasema atakayemsindikiza huyo binti asirudi. Asubuhi ya kuondoka, Odeta alimshika dada yake mkono mlangoni, akamwomba amfikishe kwenye kivuko tu. Paskazia akabaki mlangoni. Barua moja ilikuja, baba akaichoma haijasomwa. Alipofariki, marufuku yake ilikwisha naye, lakini hapo hakuna tena aliyejua Odeta anakaa wapi. Paskazia aliulizia kwa madereva wa malori na kwa wachuuzi wa dagaa, hakupata jibu. Ndipo alipopata simu kubwa na kugundua kwamba watu wanauza mtandaoni hata vitu vya bibi zao. Akaanza kuitafuta rupia, huku akiomba asiione, maana ikionekana sokoni imeshatoka shingoni.

Aliiona Jumanne moja ya mwezi wa saba. Muuzaji aliandika tu: Okech, Shirati, rupia ya Mjerumani, ina tundu na mkwaruzo, bei maelewano. Kundi likamcheka. Mmoja akasema hiyo ni ya kuchezea watoto, mwingine akatoa elfu kumi kwa huruma. Paskazia aliikuza picha kwa vidole mpaka shavu likajaa kioo. Alisahau suruali ya mteja chini ya sindano.

Siku mbili nzima hakuandika neno. Alijua kanuni ya soko: ukionyesha umekitaka kitu, bei inapaa. Lakini bei haikuwa tatizo. Aliogopa kuuliza imetoka wapi, kwa sababu angejibiwa. Siku ya tatu mtu wa Dar akafika elfu ishirini na tano, anataka kuifanya kidani, na Okech akaonekana kulegea. Hapo Paskazia akamfuata inboksi. Alimwambia asikubali, fedha yenyewe ikiyeyushwa inazidi hapo, na kwamba hata ikiwa na tundu asishuke chini ya elfu hamsini. Kisha akaomba waongee kwa simu.

"Shikamoo mama," alisema Okech.

"Marahaba, baba."

Upande wa pili ukanyamaza. Paskazia akadhani mtandao umekata, akaita tena, akauliza kama anasikika. Okech akasema anasikika, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alipoulizwa rupia aliipata wapi, alieleza polepole kwamba ilikuwa ya mama yake mzazi. Alifariki miaka miwili iliyopita, na yeye alitaka kulijengea kaburi lake kwa saruji, kwa hiyo anauza alichonacho. Mama yake aliitwa Odeta.

Paskazia aliketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Alikuwa amelijua jibu tangu Jumanne, na halikumsaidia kitu. Alichotaka sasa ni kimoja tu, na alikiuliza kwa woga: kama mama huyo aliwahi kusema lolote juu ya watu wa kwao.

"Alikuwa na pacha," Okech alisema. "Alituambia alishafariki zamani. Alisema angekuwa hai, angekuja kumtafuta."

Paskazia alifunika mdomo kwa kiganja. Miaka thelathini na mitano, na huko Shirati pacha wake alichagua kumzika kuliko kuamini kwamba hakufuatwa. Angeweza kulipa elfu hamsini, akapokea mzigo stendi, na akabaki marehemu.

"Okech mwanangu," alisema mwishowe, "mimi ndiye huyo aliyefariki."

Kijana hakushtuka. Alisema alijua tangu ile marahaba, alitaka kukata simu kwa hofu akashindwa. Paskazia akaanza kuomba msamaha, akasema basi, atampigia kesho akitulia.

"Usikate, mama mkubwa," Okech alisema. "Ongea chochote. Ni sauti yake hiyo."

Paskazia hakujua aanzie wapi. Akamwambia kwamba Buswelu kuna vumbi jingi mwezi huu, kwamba maji ya bomba yamekatika tangu juzi, kwamba ana sare kumi na mbili za shule za kushona na uzi wa bluu umemwishia. Okech alisikika akipumua tu, na Paskazia akaendelea kuongea.