Dude Walilolikataa Kabla ya Kuliona

Niseme mapema kwamba shule mimi niliishia darasa la tatu. Kiingereza sijui, na hizo lugha za mashariki ya mbali ndiyo kabisa. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini nimewatafsiria watu wa mtaa wetu wa Pasiansi picha za kila nchi, na hakuna aliyetoka kwenye banda langu la video akisema hakuelewa.

Banda nililijenga mwenyewe, kwa jasho la kubeba makasha ya samaki soko la Mwaloni. Mabati, mabenchi, runinga kubwa, spika mbili na maiki. Maiki ndiyo ilikuwa banda lenyewe. Runinga watu wanazo majumbani, na siku hizi picha wanazo hata kwenye simu. Walikuja kunisikia mimi.

Kazi yangu niliifanya hivi. Picha ikifika, naiangalia asubuhi peke yangu, mara tano, mara sita, nimezima sauti. Naangalia nyuso. Mtu anayemdanganya mke wake uso wake ni uleule, awe Mkerewe awe mtu wa ng'ambo. Nikishajua nani anamwogopa nani na nani anataka nini, nashika maiki nawasemea. Ndivyo nilivyofanya, na sioni aibu.

Basi mwaka juzi nikapata picha ya dude. Dude lenyewe linatoka majini, refu kuliko kilima cha Bugando, linavunja madaraja na kukanyaga magari. Picha za namna hiyo kwa kawaida sizipendi, kelele tupu. Ila hii nilipoiangalia mara ya tatu nikaona kitu. Kila likitoka majini, kabla halijavunja chochote, lile dude lilikuwa linainamisha kichwa na kunusa nyavu zilizoanikwa ufukweni. Kila mara. Nikasema, huyu ni mama, watoto wake wamevuliwa. Hapa ziwani nani hajui wavu wa kokoro unavyokomba? Vifaranga vya sato visivyojaza hata kiganja vinamwagwa mchangani kama takataka. Tafsiri yangu nikaijenga hapo. Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: DUDE LA MAJINI, JUMAMOSI SAA KUMI.

Alhamisi nilikuwa kwa kinyozi, tunapakana ukuta kwa ukuta, redio imefunguliwa kwa sauti. Mchambuzi wa filamu wa redio moja ya hapa mjini akaitaja picha hiyohiyo. Akasema wachambuzi wa nje wameipa alama za chini. Dude ni la plastiki, hadithi haina uzito. Kila sentensi yake ilianza na "wanasema".

"Huyu ameiona?" nikamuuliza kinyozi.

"Mzee, huyo ni mchambuzi."

"Nimeuliza, ameiona?"

"Tulia mzee wangu, nisije nikakukata sikio."

Jumamosi wakaja watu sita. Wengine walifika mpaka mlangoni, wakasoma ubao, wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mzee, leo umetuletea plastiki? Halina uzito hilo!" Nikamjibu, "Ulilibeba lini ukajua halina uzito?" Akacheka akaenda zake. Maneno ya redio walikuwa nayo mdomoni vilevile yalivyotoka, hata hawakuyatafuna.

Wale sita niliwatafsiria kama vile banda limejaa. Kulikuwa na mvuvi mmoja wa Igombe, mtu mzima mwenzangu. Dude liliponusa nyavu mara ya mwisho, nikasema polepole kwenye maiki, "Wanangu walikuwa wadogo. Mngewaacha wakue." Yule mvuvi akavua kofia, akaishika magotini mpaka mwisho wa picha. Nikajua nimefanya kazi. Lakini sita ni sita. Nikaiweka picha kabatini.

Miezi ikapita. Huko ng'ambo ile picha ikapewa tuzo, wachambuzi wa nje wakageuza midomo, na wa kwetu akageuza wa kwake. Sasa ilikuwa "kazi ya sanaa". Plastiki ileile ikawa "ubunifu wa makusudi". Kinyozi akanijia mbio, kitambaa cha kazi bado begani.

"Mzee, ile kazi ya sanaa unayo?"

"Ipi?"

"Ile ya dude."

"La plastiki?"

"Aa, mzee, na wewe. Yameisha hayo."

Nilifurahi, sikatai. Nilidhani sasa watasikia nilichowasikilizisha wale sita. Nikaitoa, nikaiangalia upya mara mbili, nikarekebisha maneno mahali nilipoona niliharakisha. Siku yenyewe nikanywa chai ya tangawizi kulainisha koo.

Saa kumi banda limejaa, wengine wamesimama dirishani. Watu walitoka mbali, hadi Buhongwa, na wanachuo wa Butimba walijaza mabenchi mawili ya mbele. Nikashika maiki, nikakohoa kidogo. Mwanachuo mmoja, mwenye miwani, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tunaomba leo usitafsiri. Tuiangalie kama ilivyo."

"Kama ilivyo ni kwa lugha yao. Unaijua?"

"Chini kuna maandishi ya Kiingereza. Mchambuzi amesema redioni, hizi tafsiri za mabandani zinaharibu kazi za watu, wazee wanatafsiri wasichokijua. Halafu lile dude ni dume, mzee. Linalipiza kisasi cha sumu ya kiwanda. Tumesikia wewe ulisema ni mama."

"Dume? Umelichungulia?"

Banda likaangua kicheko. Nikadhani nimeshinda. Ndipo kinyozi, kutoka nyuma, akasema, "Mzee, kwa leo tu, tupumzishe na hiyo maiki." Wakapiga makofi. Watu niliowatafsiria tangu wakiwa wanapakatwa na mama zao, wakapiga makofi ninyamaze.

Nikazima maiki. Nikakaa kwenye benchi la mlangoni, ndani ya banda langu, kama mgeni.

Kwa saa mbili nzima sikuangalia picha, niliwaangalia wao. Maandishi yalikuwa yanapita chini mbiombio, na ninawajua watu wangu. Kinyozi hawezi kusoma hata jina la dawa yake ya nywele. Walikuwa wanamtazama yule wa miwani. Akicheka, wanacheka. Akitikisa kichwa, vichwa vinatikisika benchi kwa benchi. Katikati ya picha, mama mmoja anayeuza dagaa barabarani akageuka akaniita kwa sauti yake yote, "Baba, mbona leo huongei? Mimi naona midomo tu."

"Mama, kaa kimya!" wakamkemea. "Hii ni ya kuangalia kwa utulivu!"

Akajiziba mdomo kwa khanga.

Walipotoka, wote walikuwa wanasema kazi ya sanaa. Nikamshika kinyozi mkono. "Lile dude lilikuwa na shida gani?"

Akaangalia juu, akaangalia chini. "Mzee, ile... ile ni ya kufikiria."

"Haya, ukimaliza kufikiria uniambie."

Hajaniambia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia nje ya banda, hasira haijaisha. Yule mama wa dagaa akaja, ndoo kichwani, akaishusha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu.

"Jana sikuambulia kitu. Nikuulize. Lile dude lilikuwa linatafuta nini kwenye nyavu? Kila likitoka majini linanusa nyavu kwanza."

Nilisimama na ufagio. Katika watu wote wa jana, wenye miwani na wasio na miwani, ni yeye tu aliyeziona zile nyavu. Hata mchambuzi hakuwahi kuzitaja. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lote, na sauti ilikuwepo.

Nikamwambia, "Kamuulize wa redio."

Akatabasamu, alidhani ni utani. "Baba, wa redio mimi simjui. Nakujua wewe."

"Mimi natafsiri nisichokijua. Nenda, mayu, utachelewa biashara."

Akaniangalia kidogo. Akajitwisha ndoo, akaondoka. Nilitaka kumwita, nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Siku hizi banda linaonyesha mpira. Mpira una mtangazaji wake. Yule mama hupita asubuhi, ananiamkia, naitikia, na hasimami. Watu wananiambia, pole mzee, yule mchambuzi alikufunga mdomo, na mimi huwa naitikia hivyohivyo, ndiyo, alinifunga. Lakini asubuhi ile mchambuzi hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, mimi na mtu aliyekuja kwa miguu yake kuniuliza.