Bluu ya Zuhura

Kostiki ya kutilia nguo rangi ikikutana na maji ya moto hutoa mvuke unaokwaruza koo, na ule unga mweupe unaochanganywa nayo hunuka kama kiberiti kilichowashwa karibu na pua. Ndivyo ua wetu pale Singida Mjini ulivyonuka kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, upepo ukituletea vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mama alikuwa amejifunza kutia nguo rangi kwenye kikundi cha akina mama, na dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa. Mama akaapa kwamba gauni la sendofu, la kumuagia binti yake wa kwanza, halitatoka dukani. Alinunua pamba nyeupe, laini kiasi cha kuteleza yenyewe mkononi, akaifua mara tatu kuondoa wanga wa kiwandani. Zuhura alitaka bluu. Kila saa alipita uani kukigusa kile kitambaa, nami nilimwonea wivu waziwazi, bila hata haya.

Siku ya kutia rangi, kitambaa kikiwa kimeshazama kwenye beseni, zikaja habari kwamba jirani wa nyumba ya tatu amefariki. Ilibidi mama aende. Zuhura alikuwa sokoni, kwa hiyo nyumbani tukabaki mimi na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Ihanja kwa ajili ya sherehe na aliyekuwa barazani akimenya karanga. Mama hakuweza kumwelekeza wifi yake mkubwa kazi kama anavyoelekezwa mtoto; angeonekana hana heshima. Kwa hiyo akanielekeza mimi, kwa sauti kubwa, ili shangazi asikie. "Kivuli kikifika kwenye kizingiti, kitambaa kitolewe, kitundikwe kambani. Kitatoka kijani. Kiacheni hivyo hivyo, hewa ndiyo itakipa bluu." Kisha akamgeukia shangazi kwa upole: "Wifi, utamsaidia kuinua tu, asije akaungua." Shangazi akajibu, "Haya, nenda salama." Katika yote hayo alikuwa amesikia hilo la kuinua peke yake.

Kikatoka kijani, kijani cha mlenda uliolala. Shangazi alikiinua kwa mti, akaguna. "Hii ndiyo bluu? Mama yako ameharibu nguo ya mwari."

"Shangazi, mama amesema…"

"Mama yako yuko msibani. Nyamaza."

Nikanyamaza. Naandika neno hilo leo na bado linaniudhi. Niliona pembe moja iliyoning'inia kwenye mti ikianza kugeuka, bluu ikiingia taratibu kutokea kwenye pindo, kama mama alivyosema. Nikanyoosha kidole kumwonyesha, akanipiga mkono. Akakitumbukiza kitambaa kwenye ndoo, akamimina chupa nzima ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ili afute kosa la wifi yake kabla watu hawajaliona. Alitaka kumsitiri mama, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilisimama pale, mikono nimeivika mifuko ya plastiki, nikilia bila kutoa sauti.

Mama aliporudi alikikuta kambani kina mabaka ya manjano na kijivu. Alikivuta kidogo tu, kikachanika. Shangazi akawahi: "Wifi, huyu mtoto alikaa tu kama gogo, hakuniambia kitu." Mama akanitazama. Alijua, nilimwona kabisa kwamba amejua. Kisha akasema, "Mtoto ni mtoto, wifi. Pole kwa kazi." Siku ya sendofu Zuhura alivaa gauni la kuazima lililobanwa pini mgongoni, na usiku kucha hakuwageuzia watu mgongo.

Siku hizi nina ofisi yenye watu kumi na wawili chini yangu, na hakuna anayethubutu kuniambia ninyamaze. Mama tulimzika bila kuligusia tena jambo lile. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binti wa Zuhura, shangazi, ambaye sasa haoni vizuri na anatembea kwa kushikwa mkono, aliwasimulia wageni jinsi nilivyowahi kuharibu nguo ya dada yangu kwa ukaidi wa kukaa kimya. Meza nzima ikacheka. Zuhura akanishika bega, machozi yakimlengalenga, akasema, "Usijali, mdogo wangu. Nilishakusamehe zamani." Nikafungua kinywa. Shangazi alikuwa amenigeuzia uso, ananisubiri.

"Ahsante, dada," nikasema.