Chupa ya Siku Hamsini na Tatu

Mwenye kutaka kunicheka na anicheke: mimi najivunia mavyaa wangu. Najua wanawake wenzangu wa Malindi wakikaa pamoja, mama wa mume hutajwa kama litajwavyo jino bovu. Wangu ana ulimi, simfichi. Wiki niliyoolewa na Muhidin aliniambia wali wangu wafaa kuzibia nyufa za ukuta. Lakini nikimaliza kuwaeleza alilolifanya mwaka huu, mtanipa haki yangu.

Anaitwa Bi Harusi, na kazi yake ni kupaka hina maarusi. Wazee wake walitoka Siyu, yeye kazaliwa hapa hapa, na kwa miaka arobaini hakuna mtaa kutoka kwetu hadi Mnarani ambao hajapaka mikono ya binti zake. Hata wenzetu wa bara siku hizi wanamwita. Mwaka jana alimpaka Kavata, karani katika hoteli ya Bofa anakofanya kazi mume wangu, na Kavata alikaa akiitazama mikono yake kama si yake. Tarehe Bi Harusi hana habari nazo. Hesabu zake zote ni za maarusi. Muulize mvua kubwa ilinyesha lini, atakwambia ni siku mbili baada ya kumpaka binti wa fulani, na ukienda kutazama kalenda utakuta hakukosea.

Sasa, mwanangu Ruqaiya ana miaka tisa. Mwaka huu alikonda ghafla, akawa anakunywa maji hata mtungi unalalamika, mwisho akaanza kuhema mbio na macho yakaanza kufifia. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni sukari, na kwamba tungechelewa hadi asubuhi tungekuwa tunasema mengine. Tangu siku ile mtoto wangu anaishi kwa sindano ya insulini asubuhi na jioni.

Siku ya kutoka, sista Nyaboke alitufundisha mambo mengi: namna ya kuvuta dawa, pa kuchoma, dalili za sukari kushuka. Nikwambieni kweli, nilishika nusu. Nilishika kwamba dawa yataka ubaridi, na kwa kuwa friji hatuna, Bi Harusi aliiweka kwenye chungu ndani ya chungu kingine, katikati mchanga uliorowa maji. Nilishika pia tarehe iliyopigwa kwenye chupa, ambayo ilikuwa ya mwaka ujao. Nikatulia.

Mtoto ni mdogo, na dawa yake ni kidogo. Mwezi ulipokwisha tukaitazama chupa, ingali karibu nusu. Ilikuwa siku ya kurudi kliniki. Mavyaa akainyanyua kwenye mwanga, akasema, "Hii safi kama machozi. Twende tukafuate nini? Kuna watoto wengine wanaingoja. Kuchukua ya pili na ya kwanza haijesha ni israfu." Na mimi nikaona amesema maneno ya Mungu. Kwetu sisi hata punje ya wali huokotwa mkekani ikaliwa, sembuse dawa. Hatukwenda.

Wiki ile ya tano mashine ya kupimia sukari, ambayo sista alitaka isizidi kumi, ikaanza kutusema. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Ruqaiya akarudia maji, akarudia kwenda msalani. Sindano hatukuacha hata moja, kipimo ni kile kile. Basi kosa likabaki la nani? La mtoto.

Nyumba ya mpakaji hina haikosi vitamu. Kila arusi huletwa sahani: halua, kaimati, visheti. Mavyaa alisema, "Huyu anadokoa." Akafungia halua kabatini na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso. Ruqaiya alisema hajala. Hakuna aliyemsikiliza. Mavyaa, na ulimi wake usio na mfupa, akawa anayataja kila anakokwenda kupaka: mjukuu wangu amekuwa mdokozi, mjukuu wangu ajiua kwa uroho. Mtaa mzima ukajua. Wanawake wakimwona mtoto anapita wanafunika sahani zao, ati wanamsaidia.

Nami, mama yake, nilimwaga mkoba wake wa shule sakafuni nikitafuta makaratasi ya peremende. Sikupata kitu. Badala ya kunyamaza nikamwambia, "Waniongopea. Tangu leo sikuamini, hata ukinambia jua limetoka." Mtoto aliokota vitabu vyake kimoja kimoja. Akaacha kujitetea. Akaacha kusema kabisa.

Siku ya tatu ya ukimya huo ilikuwa Jumamosi. Mashine ilikuwa imesoma ishirini na sita na Ruqaiya amejikunja ameshika tumbo. Nilikuwa natafuta buibui langu nimpeleke hospitali, na rohoni naogopa kuhema kule kwa mara ya kwanza. Bibi yake alikuwa naye mkekani tangu alfajiri, na ili kumpumbaza alichukua masalio ya hina iliyokandwa siku tano nyuma, akamchora ua dogo kiganjani. Hina ya siku tano hapaki mtu. Bi Harusi huikanda usiku, huipaka kesho yake, na inayobaki ni ya watoto kuchezea.

Nilipotoka na buibui, alikuwa keshaibandua. Kiganja kilikuwa na rangi hafifu, kama chai iliyozidi maziwa. Ruqaiya alikitazama, na kwa mara ya kwanza kwa siku tatu akafungua mdomo: "Bibi, hii haijashika."

"Haiwezi kushika," mavyaa alisema. "Hina hiyo ishachoka. Ukiitazama bakulini ni ile ile, harufu ile ile, lakini nguvu imetoka. Tangu iguswe na maji, siku zake zinahesabika."

Akanitazama. "Mama Ruqaiya, chupa ile tuliifungua lini?"

Sikujua. Nilianza kupapasa karatasi za hospitali, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. "Tumetoka hospitali, kesho yake nikaenda Ganda kumpaka yule mwenye dole gumba lililopinda. Halafu mapacha. Halafu binti wa mwenye duka la vitambaa." Alipofika mwisho, uso ulimbadilika. "Siku hamsini na tatu," alisema. "Chukua na chupa. Twende."

Sista Nyaboke alipima sukari, akapima mkojo, akamlaza mtoto kitandani akamtundikia maji na kumchoma dawa kutoka chupa mpya. Ndipo akaishika yetu. Alituambia tarehe iliyopigwa ni ya chupa iliyofungwa. Ikishatobolewa kizibo, hupewa wiki nne tu. Si kwamba siku ya ishirini na tisa inakufa. Hupungua kidogo kidogo, na joto letu hili huihimiza, na kwa macho huwezi kujua. Bora kuitupa ingali nusu kuliko kumdunga mtoto kitu kisichomlinda.

"Nani aliyewaambia muilete?" aliuliza.

"Bibi yake," nikasema. Na wallahi, nilisema kwa sauti, wagonjwa wote wasikie.

Kufika jioni sukari ya Ruqaiya ilikuwa kumi na moja, naye anadai chakula. Siku ya pili tukarudi naye nyumbani. Ninyi mngefikiri mambo yamekwisha, na mimi nilifikiri hivyo. Mavyaa alivaa buibui lake la kutokea, akamshika mtoto mkono, akanambia, "Nawe njoo."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Kila alipokuwa amelisema jina la mtoto vibaya, alibisha hodi. Hakukubali kukaa, hakukubali chai. Alisimama mlangoni, mwanamke ambaye hata wake wa matajiri humwita mwalimu, akasema: "Nilikwambieni mtoto huyu mdokozi. Niliongopa bila kujua. Dawa ndiyo iliyochoka, na kosa ni langu. Mtoto ni mkweli." Baadhi yao waliona haya wao. Mmoja alijaribu kucheka, akasema makubwa haya, mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Bi Harusi akamjibu kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama, akaendelea na njia. Nilimfuata nyuma kichwa kimepanda juu, najiambia: huyu ndiye mama wa mume wangu, tazameni.

Nyumba ya tisa, Ruqaiya alikuwa amechoka. "Bibi, basi," alisema. "Yatosha. Turudi."

"Haijatosha," mavyaa alisema. "Imebaki moja."

Akatuongoza hadi kwenye mlango wetu wenyewe. Hakubisha. Alimsimamisha mtoto mbele yangu, akaachia mkono wake, akanitazama.

Nikapiga magoti pale pale kizingitini, nikamwambia mwanangu, "Nakuamini."