Gramafoni Nyekundu Juu ya Spika

Nimeamua kuusimulia mwenyewe mkasa huu, maana nikimwachia mke wangu mtaupata ukiwa umeongezewa chumvi na pilipili, na aibu niliyoipata siku ile ilikuwa inatosha bila kiungo chochote. Kwa asiyenijua, mimi ni Obedi wa Kasulu mjini, yule anayekodisha muziki kwenye harusi na komunyo, mwenye zile spika nyeusi kubwa kama makabati, na kwa miaka nimekuwa nikijitapa kwamba hapa hakuna anayejua sauti kama mimi (kumbe nilichokuwa najua ni kelele).

Baba mkwe wangu, mzee Stanislaus, anaishi Murungu, kule Kibondo, analima mihogo na maharage. Yeye na mama mkwe walitoka Burundi wakiwa bado vijana, na katika vitu vichache walivyovuka navyo mpaka ilikuwamo santuri moja, kisahani cheusi kilichofungwa kwenye kitenge, ambacho mama mkwe alikirekodi na kwaya ya parokia yao alipokuwa msichana, na ndani yake kuna mahali anaimba peke yake. Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Kwenye simu alituachia sauti ya uzeeni, ya kuuliza kama mihogo imekauka, lakini ile sauti ya usichana imebaki kwenye santuri tu, na mzee hakuwa na cha kuichezea. Basi alimwambia mke wangu, Consolata, kwa Kiha, taratibu, kwamba angependa kuisikia tena mara moja, na mimi nikadakia kabla hajamaliza. Nikamwambia Baba, niachie mimi, hiyo ndiyo kazi yangu, njoo Kasulu Jumapili ya kumbukumbu ya mama utamsikia kama amekaa sebuleni. (Niwaambie ukweli, shemeji yangu wa Kakonko alikuwa amemnunulia mzee tenki la maji, na tangu hapo nilikuwa natafuta na mimi pa kutokea.)

Kutafuta gramafoni kukanifikisha kwa Papa Diedone, Mkongomani anayeuza redio na vyombo vya umeme vilivyotumika kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa nazo mbili. Moja nyeusi, nzito, imechakaa, haina spika yake yenyewe, ya kuunganisha tu. Nyingine nyekundu, inafunguka kama sanduku la safari, ina vispika vyake ndani, ina blutuu, na ukiiwasha inazungukwa na taa za rangi kama duka la simu. Papa Diedone akazipiga zote mbili kwa sahani yake. Ile nyeusi ilitoa sauti kama mtu amesimama mbele yako, ile nyekundu kama mtu huyohuyo ameingiza kichwa kwenye ndoo. Nilisikia tofauti, siwafichi, nina masikio. Lakini nikaziona zile taa, nikamwona shemeji wa Kakonko akiziangalia, nikachukua nyekundu. Papa Diedone akauliza kama nina hakika, nikamtania kwa maneno fulani ambayo siyasemi hapa kwa sababu mtayasikia mbele, tukacheka, nikaondoka nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumapili ikafika, turubai limefungwa uani, wamo wanakwaya, majirani, mashemeji wote, na katekista amekaa kiti cha mbele na soda yake. Mzee alikuja amevaa koti, na ile santuri ameipakata magotini njia nzima kutoka Murungu, kondakta alitaka kuiweka kwenye buti akakataa katakata. Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Consolata alishatandika kitambaa kwenye meza, akaniambia niiweke hapo. Nikasema mezani nani ataiona, nikaiunganisha na spika yangu ya besi, ile kubwa kuliko zote, kisha nikaipandisha gramafoni juu ya spika hiyohiyo, juu kabisa, taa zikawaka, watu wakasema aah. Consolata akasema itatikisika, nikamuuliza mtaalamu hapa ni nani.

Nikaweka sahani, nikashusha sindano, na kwaya ya wasichana ikatoka kama wazee walioamshwa usingizini wakaambiwa waimbe. Katekista akaniinamia, akauliza kwa heshima kama hiyo ni kwaya ya wababa. Nikakumbuka kuna kitufe cha kasi, nikakisukuma kwa haraka kikapitiliza mpaka mwisho, na wale wazee wakageuka panya. Watoto wakagaragara chini kwa kicheko. Mzee hakucheka, alikaa vilevile, mikono magotini, na mimi jasho likaanza. Nikarudisha kitufe katikati, na hapo ndugu zangu wimbo ukaja wenyewe, wasichana kweli, sauti safi, mpaka mzee akanyanyua kichwa. Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nikafikiria majirani wa ng'ambo ya barabara hawasikii, nikapandisha sauti.

Kwanza spika ikanguruma kidogo, nikadhani ni lori. Ngurumo ikakua, na kadiri spika inavyotetemeka ndivyo sindano inavyotetemeka juu yake, na kadiri sindano inavyotetemeka ndivyo spika inavyozidi kunguruma (mimi huyu ambaye kila harusi nawagombeza watu wasisimame na kipaza sauti mbele ya spika), mpaka gramafoni ikaanza kutembea yenyewe na taa zake kuelekea ukingoni. Nikairukia, nikaidaka kwa tumbo, nikamwaga soda ya katekista, kuku wote wakahamia kwa jirani.

Nikazima sauti, nikajifanya nakagua waya, kumbe nimejificha nyuma ya spika namtumia Papa Diedone ujumbe wa sauti, wa kunong'ona, nikimwambia chombo chake kinanguruma na wakwe wananiangalia. Wakati nasubiri nikapandisha sauti tena nijaribu, kimya, hakuna ngurumo hata kidogo, nikajipongeza. Sikujua kwamba wakati naikumbatia tumbo langu lilibonyeza kitufe cha blutuu, gramafoni ikaacha sindano ikashika simu, maana simu yangu nilishaiunganisha asubuhi nilipokuwa naijaribu. Jibu likaingia. Nikaweka simu sikioni, nikabonyeza, na sauti ya Papa Diedone ikatoka kwenye spika ya besi ikajaza mtaa mzima:

"Bon, ndugu yangu, mi nilikuambiaka ile nyeusi ndiyo muzuri. We mwenyewe ukasema mukwe yako ni muzee wa shamba, sikio moja lilishakufa, hawezi kujua tofauti, mupe mataa tu atafurahi. Sasa unanililia nini?"

Shemeji wa Kakonko akaangalia juu kwenye turubai kama anatafuta tundu. Consolata aliniangalia mimi, na bora angeangalia turubai. Mzee akageuka polepole kwenye kiti.

"Obedi," akasema, "sikio lenyewe ni lipi?"

Na mimi, sijui kwa nini, nikajibu. "La kushoto, Baba."

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa katekista, mtu wa watu, na baada yake sikuona tena mtu aliyekaa sawasawa kwenye kiti. Consolata hakucheka. Akachomoa waya zangu zote, akaibeba gramafoni mpaka sebuleni, akaiweka kwenye sakafu na vispika vyake vya ndoo, watu wakabanana mlangoni, akaizima blutuu, akashusha sindano yeye mwenyewe. Wimbo ukaenda vizuri mpaka pale mama mkwe anapoimba peke yake, na hapohapo sindano ikakwama. Nzoza, akaimba, yaani nitakuja. Nzoza. Nzoza. Nikaruka kwenda kuinyanyua, angalau niokoe kitu kimoja siku hiyo.

"Reka," mzee akasema.

Nikaiacha. Akainama mpaka sikio lake zima likakaribia kile chombo, na sisi wote tukasimama tunamsikiliza msichana akisema anakuja, anakuja, anakuja. Akakaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Kisha akajinyoosha, akamgeukia mke wangu.

"Ndivyo alivyokuwa mama yako," akasema. "Anasema anakuja, na sisi tumesimama mlangoni tumeshavaa viatu."

Hapo ndipo Consolata alipocheka, akacheka mpaka akalia, na mzee akacheka naye.

Wiki iliyofuata nilipanda mpaka Murungu kumwomba msamaha, nikamwahidi kumletea ile nyeusi, haikwami, inatoa sauti ya kweli. Akakataa. Alisema hiyo itampitisha mama harakaharaka aende zake, hii nyekundu angalau inajua pa kusimama. Kwa hiyo ipo kwake, na mimi nimeapa mbele ya mke wangu: siku nitakayonunua tena kitu cha kusikiliza nitafumba macho dukani, muuzaji akiwasha taa nitamwomba azizime, na kuhusu wakwe zangu sitasema neno mpaka niwe nimefika nyumbani nimefunga mlango.