Pikipiki Iliyopakwa Rangi Mapema

Fyuu... kha. Mpaka leo nikifumba macho nausikia mlio wa ile kiki: inashuka, injini inavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, halafu kimya.

"Piga tena, shemeji," nikasema.

Shemeji, mume wa dada yangu, alipiga mpaka shati likamganda mgongoni. Ndani dada alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mama mkwe wake alikuwa ametoka kutuambia mtoto amekaa vibaya. Mkunga aliishi Nshamba. Kwa miguu, angefika tumeshachelewa. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Bilele, Bukoba mjini, kuja kumpikia dada na kumtekea maji, lakini ile pikipiki niliipenda mno. Ndotoni nilishaiendesha hadi Mwanza.

Shemeji aliinunua kwa bwana shamba Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Wiki ile alikuwa ameifungua yote, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki walipopaka milango ya kanisa, eti siku ya ubatizo mama na mtoto waende waking'aa.

"Waitu! Nani alikutuma kumpambia mtoto ambaye hajazaliwa?" mama yake shemeji akafoka kutoka mlangoni. "Haya, panda rangi yako basi, ikupeleke!"

Shemeji akafungua plagi. Nilishikilia plagi ikigusa injini, naye akapiga kiki. Hakuna cheche. Honi nayo bubu. Tukadhani betri imekufa. Akachomoa balbu ya taa, akaiunga kwa nyaya mbili kwenye ncha mbili za betri, ikawaka vizuri kabisa. Betri nzima! Akahamisha waya mmoja, akaugusisha kwenye fremu. Balbu ikazimika.

Dada akalia ndani, kilio kirefu. Nyaya zikamponyoka shemeji.

"Nipe mimi," nikasema, nikaziokota. Nikagusisha waya hapa, nikagusisha pale. Kijani kila mahali, na balbu haiwaki. Aliwahi kunieleza kwamba umeme ukishatoka kwenye betri hurudi kwa kupitia chuma chenyewe cha pikipiki, na mlango wake ni ule waya mnene wa ethi uliofungwa kwenye fremu. Nikautazama. Bolti imekaa juu ya rangi, haigusi chuma.

"Shemeji! Umeufungia umeme mlango!"

Akaangalia, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Nikakimbilia jikoni kuchukua kisu cha kumenyea ndizi. Akakwangua kwa nguvu mpaka chuma kikatoka cheupe, akarudisha bolti, akaikaza. Kiki ya kwanza, kha. Nikasema moyoni, Mungu wangu. Ya pili ikanguruma, kuku wakatawanyika migombani.

"Nenda!" mama yake akapiga kelele. "Na huyo mkunga usije ukammwaga mtaroni!"

Akaenda. Mama mkwe akarudi kwa dada, akanifungia mlango. Msichana ambaye hajazaa haruhusiwi. Nikabaki uani na kile kilio.

Nikakumbuka mteremko wa kuingilia kwa shemeji, ulivyojaa mawe baada ya mvua, na mkunga ni mtu mzima, atakaa nyuma na mkoba wake. Nikashuka huko peke yangu. Nikainama, nikaokota jiwe, nikalitupa pembeni. Nikaokota jingine. Ngurumo ya pikipiki ilipoanza kusikika chini bondeni, nilikuwa nimepiga magoti, nasukuma jiwe kubwa kuliko yote kwa mikono miwili.